Uji Niliouharibu kwa Kuutengeneza

Kazi ya mashine niliipata kwa kusema nusu ya ukweli. Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi na mashine yenye skrubu, nami nikamjibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, mzee. Miaka miwili, kiwandani kwa majani chai." Miaka miwili ilikuwa kweli. Kiwanda kilikuwa kweli. Skrubu nayo ilikuwa kweli kabisa: kubwa kama paja la mtu, imelala ndani ya bomba la chuma, inasukuma majani yaliyonyauka, inayabana na kuyachana mpaka yanatoka upande wa pili yamelowa utomvu wake yenyewe. Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba kazi yangu ilikuwa kufagia chini yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha darasa la saba, na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, moja tu ikiandika. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitakuwa injinia. Sikujua injinia anasomea wapi wala kwa muda gani, lakini nilijua anavyosimama: mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande wa mashine, kama anayesikiliza siri. Msimamo huo nilikuwa nimeufanyia mazoezi sana, nimeshika ufagio.

Mashine yetu ilishushwa stesheni ya Fort Ternan ndani ya sanduku la mbao, ikapandishwa mlima kwa trela hadi kwenye banda la ushirika, upande wetu wa Sigowet. Trekta lililoivuta ndilo lililokuja kuizungusha kwa mkanda. Mzungu aliyekuja kuifunga alikaa siku mbili tu, akaeleza kila kitu mara moja, akaondoka. Aliyeelewa alikuwa mzee fundi wa ushirika, Mkipsigis aliyetengeneza matrekta tangu ya masetla wazungu, mtu mpole mwenye vidole vilivyokaa kama vipande vya mizizi. Mimi nilitingisha kichwa kila alipotingisha yeye.

"Hii inapika mahindi bila moto," mzee fundi akatangazia watu waliojaa mlangoni.

"Bila moto?" mwanamke mmoja akauliza. "Basi bwana yangu pia ni mashine. Yeye anataka chakula na kuni hajaleta."

Watu wakacheka, lakini ilikuwa kweli. Unatia mahindi makavu yaliyokobolewa, na soya kidogo. Skrubu inayasukuma ndani ya bomba nene mpaka mwisho, ambako kuna mwanya mwembamba kama ukingo wa sahani. Mahindi hayana pa kwenda. Nyuma yanasukumwa, mbele yamezuiwa, kwa hiyo yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na kusuguana na chuma, na msuguano huo unaleta joto kama vile unavyosugua viganja asubuhi ya Julai, ila hili ni joto la kukutoa ngozi. Yakifika kwenye mwanya yanachomoka na mvuke, yamefura, yamekuwa vipande vyepesi vya rangi ya manjano. Vipande hivyo ukivisaga unapata unga ulioiva tayari. Ulikuwa unga wa uji wa watoto, na ulikuwa uende kliniki.

Sasa nikwambie kwa nini mashine hiyo iliniingia moyoni kuliko kazi tu. Dada yangu mkubwa alikuwa mchumaji wa chai katika shamba kubwa ng'ambo ya barabara. Sisi si wenyeji wa hapa. Kwetu ni upande wa milima ya magharibi, na dada alikuja kwa ajili ya chai, nami nikamfuata kwa ajili ya dada. Mumewe alikuwa kazini mbali, akija mara mbili kwa mwaka. Binti yao alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na alikuwa ametoka kuugua surua. Surua iliondoka, ikaondoka na hamu yake ya kula. Nasi, yaani muuguzi wa kliniki, alikuwa amechora kwenye kadi ya mtoto mstari unaoteremka, akamwambia dada waziwazi: nakupa mwezi mmoja. Mstari usipogeuka, mtoto atalazwa, na wewe utalala naye wodini, pengine wiki nne, pengine zaidi. Mchumaji akikosekana shambani wiki nne, jina lake linakatwa, na jina likikatwa, chumba cha laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, kinapewa mwingine. Dada alijua hivyo. Nasi alijua hivyo. Hata mtoto nadhani alijua, kwa jinsi alivyokuwa akitutazama na yale macho makubwa.

"Usijali, dada," nikamwambia. "Mashine yangu itamnenepesha mpaka uchoke kumbeba."

Mashine yangu! Nilikuwa nimeiona siku tatu.

Wiki ya kwanza mashine ilinitia adabu. Nikimimina mahindi mengi, inakwama, mkanda unateleza na kunuka kama kwato zinazoungua, na mzee fundi anafungua bomba na kuchokoa kwa patasi kitu kigumu kama jiwe, ambacho saa moja nyuma kilikuwa chakula. Nikimimina kidogo, yanatoka meusi. "Usiangalie," mzee fundi alikuwa akiniambia. "Sikiliza. Ikilia kama ng'ombe ana njaa, mpe. Ikilia kama ng'ombe ameshiba, mwache." Nilisimama mikono nyuma, kichwa kimeinama. Sikusikia ng'ombe yeyote. Lakini kufikia Ijumaa nilikuwa nimejua mlio mmoja, wa kukwaruza, mzito, unaotetemesha nyayo, ambao ukija basi vipande vinachomoka vizuri. Mlio huo ulinitisha. Niliona kama mashine inaumia.

Nasi alikuja kuchukua mifuko ya kwanza. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na sisi tulimwita daktari, maana kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Akaniambia, "Huu ni wa uji. Uji tu. Umesikia, bwana mashine?"

"Nimesikia, daktari."

Nilikuwa nimesikia. Lakini Jumapili hiyo mama mkwe wa dada alifika kutoka nyumbani, amesafiri siku nzima kuja kumwona mjukuu mgonjwa, na mimi nilikuwa na mfuko wa unga wa mashine chini ya kitanda. Sasa niambie, mama mkwe atakaribishwa kwa uji? Kwetu mtu ambaye hajala ugali hajala, hata ukimlisha kuku wawili. Na Wakipsigis hapa ni hivyohivyo. Wao wanauita kimyet, lakini heshima yake ni ileile. Nikamwambia dada, "Pika huu. Acha mama aone maendeleo."

Dada akachemsha maji, akatia unga, akasonga. Haukushika. Akaongeza. Haukushika. Akaongeza tena mpaka mfuko ukawa nusu, na ghafla mwiko ukagoma kutoka. Si kwamba ugali ulikuwa mgumu. Ulikuwa umeushika mwiko kama mtu anayeshika mkono wa rafiki ili asiondoke. Dada akapindua sufuria juu ya sinia. Tukangoja. Kitu kikateremka polepole, kwa uzito, kikakaa katikati ya sinia kidogo kama kinachofikiria, halafu kikajilaza, kikaenda mpaka kwenye kingo.

Mama mkwe akanawa mikono, akaomba, akatia vidole. Alipoviinua, uzi ukafuata. Akainua mkono zaidi, uzi ukarefuka. Akautazama uzi huo, akanitazama mimi.

"Baba," akaniambia kwa upole wa kutisha, "hiki ni chakula, au ni cha kubandikia stempu?"

"Ni cha kisasa, mama."

"Aa. Basi ngoja mimi wa zamani nile mboga."

Akanawa mara tatu, na bado vidole vilishikana. Dada alingoja mpaka mgeni alipotoka nje. "Nilikuambia nipike ule unga wa kawaida wa posho," akasema. "Mtu anatoka nyumbani na viatu mkononi kuja kumwona mjukuu, halafu anakuta namlisha gundi. Atasema nini akirudi?" Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelaza shavu, hacheki wala halii.

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga wa kawaida. Kesho yake wanawake waliokuja bandani kuonja uji walinisukuma zaidi. Ulikuwa umetengenezwa kwa kipimo cha nasi, vikombe vya unga kwa vikombe vya maji, lakini ulikuwa mwepesi, unatiririka. Hilo lilikuwa jambo zito kuliko mtu wa mbali anavyoweza kufikiri. Sisi wa magharibi na Wakipsigis tunaweza kubishana kuhusu mengi, lakini kuhusu uji tuko kitu kimoja: uji wa kumpa mtu unayempenda ni ule ambao ukiinamisha kibuyu, haumwagiki mara moja, unafikiri kwanza. Uji mwepesi ni wa mchoyo, au wa nyumba yenye ugomvi.

Mama mmoja mwenye kofia ya sufu akautazama, akautikisa, akamgeukia mwenzake. "Hii ni maji ya kuosha kikombe."

"Hapana," mwenzake akasema. "Ya kuosha kikombe iko na nguvu kidogo."

"Kijana ya mashine! Wewe umekula unga, umetuletea maji?"

Nikacheka nao, kwa sababu nacheka haraka. Lakini moyoni nilichomeka. Niliwaza: unga umedhoofika. Ile kelele, ule msuguano, yale mateso, yameua nguvu ya mahindi. Mimi nikiwa mtu wa huruma, nikaamua kuyahurumia mahindi.

Mzee fundi hakuwapo. Binti yake alikuwa amejifungua Kaplong, naye alikwenda kumwona. Nikabaki injinia pekee. Siku mbili nilichunguza, kalamu mkononi, ile inayoandika. Kulikuwa na gurudumu dogo la kufungua na kufunga mwanya wa mwisho. Nikafungua. Nikanyunyizia mahindi maji kidogo kabla ya kuyamimina, nikijiambia kwamba hata mtu huteleza vizuri akiwa amelowa. Nikayatia.

Mashine ikanyamaza. Ile sauti ya kukwaruza ikaisha, ikabaki mnung'uniko mtamu kama wa paka. Vipande vilitoka vizito kidogo, vyenye unyevunyevu, vya uvuguvugu tu. Nikavianika juani, nikasaga, nikapika uji kwa kipimo kilekile. Ulisimama! Kijiko kilisimama ndani yake wima kama mlingoti. Nilitoka nje ya banda nikazunguka trekta mara mbili kwa furaha.

Wale akina mama walirudi. Mwenye kofia ya sufu aliinamisha kikombe, uji ukafikiri, ukafikiri sana. "Sasa umejua kazi!" akasema. "Huu ni uji. Huu hata mzee anaweza kulala nao." Wakauchukua. Majirani wakaja kuuchukua. Kwenye soko mtu aliniita daktari wa uji, nami sikumkatalia. Nilianza hata kuandika barua kwa yule mzungu kumweleza hitilafu ya mashine yake na jinsi nilivyoirekebisha. Sikuituma kwa sababu sikujua anwani, na hapo ndipo Mungu aliponionea huruma kwa mara ya kwanza.

Dada alipewa unga mzuri kuliko wote, niliuchekecha mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani aliupika, mzito, wa heshima, na kila jioni nilipita kuuliza.

"Amekula?"

"Vijiko vitatu. Halafu amegeuza uso."

"Ongeza unga kidogo. Apate nguvu katika kila kijiko."

"Nimeongeza."

"Na sasa?"

"Viwili."

Sikuelewa. Unga wangu ulikuwa ukisifiwa mpaka sokoni, na mteja mmoja tu, mdogo kuliko wote, alikuwa akiukataa. Nilimwimbia. Nilijifanya trekta. Nilimwonyesha jinsi ya kumeza, nikimeza mimi, mpaka dada akaniuliza ni nani hasa anayeachishwa ziwa katika nyumba hii. Tumbo lake lilijaa hewa, likawa gumu kama mpira, lakini mikono ilikuwa myembamba. Jioni moja alimeza kijiko kimoja, akanitazama kwa ule uzee wanaokuwa nao watoto wagonjwa, akakirudisha chote kwenye shati langu, juu ya zile kalamu.

Wiki mbili zilipopita tulikwenda kliniki kupimwa katikati ya ule mwezi. Dada aliomba ruhusa ya asubuhi tu. Mtoto akatiwa kwenye ile suruali ya kitambaa inayoning'inizwa kwenye mizani, akaning'inia bila kulia, na sindano ya mizani ikasimama. Nasi akatia nukta kwenye kadi. Nukta ilikuwa chini ya ile ya mwisho.

Dada akaitazama nukta hiyo kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. "Wiki mbili zimebaki," akasema polepole.

"Mnampa nini?" nasi akauliza.

"Uji wa mashine," nikadakia. "Ulio bora kabisa."

"Anamaliza kikombe?"

"Vijiko viwili, daktari," dada akasema.

"Vya uji wa mashine? Ule hunywewa kama chai!" Akanigeukia. "Una huo unga?"

Nilikuwa nao. Nilitembea nao siku hizo kama wengine wanavyotembea na picha za wachumba wao. Nasi akachukua vikombe viwili. Kimoja akatia unga aliouchukua kwangu wiki ya kwanza, cha pili unga huu wa sasa, kipimo sawasawa. Akamimina maji ya moto, akakoroga, akaweka vijiko. Kijiko cha kwanza kikaegemea ukingo. Cha pili kikasimama wima. Moyo wangu mjinga ukajivuna kwa kile kilichosimama.

"Vikombe hivi vina chakula sawa," nasi akasema. "Sawa kabisa. Sasa angalia tumbo la huyu mtoto. Ni kama ngumi yangu. Mwili wake hauna nguvu hata ya kutafuna. Kikombe hiki cha kwanza atakunywa chote. Hiki kingine utamlisha mpaka kesho jioni. Na usipompa mzito, unafanya nini kwa unga wa kawaida? Unaongeza maji. Anashiba maji. Mashine imeletwa kwa sababu hiyo moja: unga mwingi, uji mwepesi. Sasa nani amefanya unga kuwa hivi?"

Kulikuwa na akina mama kama kumi na watano kwenye benchi. Wote walinyamaza kunisaidia kusikika.

"Mimi, daktari. Nilifungua mwanya. Nikatia maji kidogo."

"Kwa hiyo mashine imeletwa kulainisha uji, wewe ukaifundisha kuufanya mgumu."

"Ndiyo, daktari."

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu ya kiinjinia. Haikuwepo. "Watu walicheka," nikasema.

Hakunigombeza. Alinusa ule unga, akasema soya haijaiva vizuri na ndiyo maana tumbo linajaa hewa, akanirudishia. Ningependa kama angenigombeza. Dada alimfunga mtoto mgongoni, akatembea mbele yangu njia yote, na mtu akitembea mbele yako bila kusema unapata nafasi kubwa ya kujifikiria.

Mzee fundi alikuwa amerudi. Nilimweleza yote pamoja na habari za kufagia, kwa sababu nilipoanza kusema ukweli sikujua pa kuukatia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gurudumu la trela.

"Kufagia nilijua," akasema. "Mtu wa mashine hashiki mikono nyuma. Atapata wapi spana?" Kisha akachukua kamba ya katani iliyokuwa imefunga gunia. "Angalia. Ndani ya hindi kuna vitu kama nyuzi, vidogo sana, vimekunjwa ndani ya vifuko. Ukipika ugali, vifuko vinakunywa maji, vinafura, nyuzi zinashikana. Ndiyo ugali unasimama. Sawa?"

"Sawa, mzee."

Akachomoa kisu, akaikata kamba ile vipande vifupi kama kidole. "Sasa funga ng'ombe."

Nilitazama vile vipande.

"Ng'ombe atakucheka," akasema. "Kamba yote iko hapo, hakuna hata kidogo imepotea. Lakini haifungi kitu. Hiyo kelele ulikuwa unaogopa, ndiyo kisu. Skrubu inapasua vifuko, inakata nyuzi. Chakula kiko, lakini hakiwezi tena kushikana kikafanya uji mzito. Wewe ulifungua mwanya, ukatia maji, mahindi yakateleza kama mtu anaenda harusi. Nani atamkata?"

Tukafunga mwanya. Tukarudisha mahindi makavu. Mlio ukaja, mzito, wa kukwaruza, ukanipanda kutoka kwenye nyayo, na vipande vikaanza kuchomoka na mvuke. Nilisimama pale mikono mbele.

Kumbe sehemu ngumu ilikuwa bado. Dada aliupika unga mpya kama nasi alivyosema, akautazama ukizunguka ndani ya kikombe, akaweka kikombe chini.

"Sitampa."

"Dada, umesikia daktari."

"Nimesikia. Lakini hapa laini watu wanaona. Mtoto amekonda hivi, halafu wanione namnywesha maji? Watasema unga nakula mimi. Tayari mama mkwe amerudi na habari za gundi." Akainua macho. "Na wewe ulisema hivyohivyo mara ya kwanza. Ulisema atanenepa."

Majirani wawili walikuwa mlangoni, wachumaji wenzake, mmoja akiwa bado amevaa aproni ya mpira. Kitu pekee nilichokuwa nacho ni mdomo, na safari hii niliutumia vizuri kidogo. Nikasema, "Basi pimeni unga wa ugali wa mwanamume mzima. Huo wa mashine. Ufanyeni uji. Ninywe mimi, muone kama ni maji."

Walipima kwa ukarimu. Wanawake wanaochuma chai kutwa nzima wana wazo lao kuhusu mwanamume mzima. Ulijaa mtungi mdogo wa plastiki, mwepesi, wa manjano. Nikaunywa kama mtu aliyetoka kwenye mpira. Kikombe cha kwanza, hamna kitu. Cha pili nikapangusa mdomo kwa madaha. "Mnaona? Laini!" Cha tatu nikapumzika. Cha nne nilianza kuhisi kwamba kuna mtu mwingine ndani yangu na amekuja na mizigo. Cha tano nilikaa. Sikukaa kwa kupenda.

"Malizia, injinia," yule wa aproni akasema.

"Ngoja... ngoja kidogo."

"Si ni maji?"

Nililala chali kwenye sakafu ya saruji ya dada yangu, nikalegeza mshipi, na wale wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika mlango. Hata dada alicheka, mkono mdomoni, mara ya kwanza tangu surua. Yule wa aproni akanyanyua mtungi, akatazama ndani, akasema kwa mshangao wa kweli, "Lakini unga ule ulikuwa mwingi, mama. Nilipima mimi."

Dada akachukua kile kikombe kidogo alichokuwa amekiweka chini, akakijaribu kwa mkono kama kina joto, akakipeleka kwenye mdomo wa mtoto. Mtoto akagusa kwa ulimi. Akanywa. Akasimama, akapumua kwa pua, akanywa tena. Mimi nikiwa sakafuni niliona kitako cha kikombe kikipanda, kikipanda, mpaka nikaona chapa ya kiwanda iliyo chini yake.

"Amemaliza," dada akasema, kana kwamba anamshtaki mtu.

Wiki mbili hizo sikutengeneza kitu chochote. Nilifuata. Niliweka mwanya pale mzee fundi alipoutia alama kwa rangi nyekundu, na kila mtu aliyenilalamikia kwamba uji umerudi kuwa maji nilimkaribisha anywe mtungi mmoja. Mama mwenye kofia ya sufu alikubali. Alimaliza vikombe vitatu, akakaa kwenye gunia, akaniambia nisiongee naye kwa sasa.

Siku ya kupima ilipofika nilivaa shati safi. Nilikuwa pia nimetayarisha maneno machache, kwa sababu niliona nasi huenda akaniomba niwaeleze akina mama kuhusu nyuzi na vifuko. Hakuniomba. Alimning'iniza mtoto, na mtoto akalia, kwa sauti, kwa hasira, akirusha miguu hivi kwamba sindano ilicheza na tukalazimika kungoja. Dada alishika ukingo wa meza. Sindano ikatulia. Nasi akainama, akatia nukta.

"Haijapanda sana," akasema.

"Lakini?" dada akauliza.

"Lakini imepanda. Endelea hivyohivyo. Mrudishe baada ya wiki mbili."

"Halazwi?"

"Halazwi, mama. Nenda nyumbani."

Dada akakaa kwenye benchi. Akafungua kitambaa cha kichwani, akampangusa mtoto kamasi, kisha kwa kitambaa hichohicho akajipangusa macho, akakifunga tena. Akatazama jua. "Lori la wachumaji linapita saa saba," akasema. "Nikikimbia nitalipata. Mshike." Nikajikuta na mtoto mikononi, naye dada tayari yuko kwenye lami, anakimbia na viatu vya mpira, anapungia mkono lori ambalo hata halijaonekana.

Nasi akampa mtoto uji kidogo kwenye kikombe cha bati cha kliniki. Akaunywa wote, akakataa kukirudisha. Nilijaribu kumbembeleza, nikajifanya trekta. Alikikumbatia kwa mikono miwili na kunikunjia uso.

"Mwache nacho," nasi akasema. "Utakileta kesho, bwana mashine."

Nikamweka mabegani nikaanza kupanda kilima katikati ya chai. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mzito. Alikuwa mwepesi bado, na sikutaka kujidanganya tena kuhusu uzito wa kitu chochote. Lakini njia nzima, kutoka kliniki hadi laini, alinigonga kichwani kwa kile kikombe, taratibu na kwa nguvu, na kila nilipopunguza mwendo aliongeza.